Boti ya faiba: Chungulia ndani kabla ya kulipa

MTU anayekwenda kununua boti ya faiba kwa ajili ya uvuvi au kubeba watalii huuliza bei, urefu na ukubwa wa mashine inayofaa. Kisha hugonga ubavu kwa ngumi, akisikia ni mgumu anaridhika. Swali linaloamua nani atarudi nyumbani siku ya ajali haliulizwi: boti hii ikitoboka, itabaki juu ya maji?

Ugumu una mpaka wake. Boti iliyokuwa ikienda noti 10 ikipandisha mwendo hadi noti 20, yaani kama kilometa 37 kwa saa, nguvu yake inapogonga mwamba, gogo au chombo kingine huwa mara nne, si mara mbili. Bati la aluminiamu kwa kawaida hubonyea kwanza. Faiba hupasuka, au matabaka yake huachana ndani kwa ndani huku nje ukionekana ufa mdogo tu.

Tena faiba yenyewe ni nzito kuliko maji. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji mara nyingi bado huelea, watu wakaushikilia. Boti ya faiba iliyofungwa mashine huenda chini, isipokuwa mtengenezaji awe ameweka ndani kitu cha kuizuia.

Mmarekani Richard Fisher, aliyeanza kuuza boti za Boston Whaler mwaka 1958, alijaza povu gumu katikati ya maganda mawili ya faiba. Mwaka 1961 jarida la Life lilichapisha picha zake akiwa ameketi ndani ya boti ya aina hiyo huku ikikatwa vipande viwili kwa msumeno. Kipande cha nyuma, chenye mashine, kiliendelea na safari. Lilikuwa tangazo la biashara, lakini halikuwa uongo. Tangu mwaka 1978 sheria ya Marekani inataka boti nyingi mpya za mashine ya nje, zilizo chini ya futi 20, zielee zikiwa zimelala sawasawa hata zikijaa maji.

Hesabu yake ni nyepesi: lita 100 za povu hubeba zaidi ya kilo 95. Mahali lilipowekwa ni muhimu pia. Likiwa lote chini ya sakafu, boti iliyojaa maji hupinduka. Sehemu yake iwe juu, kwenye mbavu. Omo nayo itengwe kwa kiambaza kisichopitisha maji, kwa kuwa ndiyo inayogonga kwanza.

Mwambie fundi akufungulie mfuniko uone. Povu linalofaa lina vitundu vilivyoziba, halinywi maji. Lile jeupe la kufungashia televisheni ni rahisi kwa bei, lakini petroli hulila. Tangi likivuja unabaki na nafasi tupu bila kujua.

Na anayeuziwa boti iliyokwishatumika achukue sarafu, aigonge taratibu kuanzia omo hadi tezi. Panapolia kwa mlio mkavu ni pazima. Panapodunda kwa sauti nzito, kama mbao iliyooza, matabaka yameachana, hata kama rangi ni mpya. Hapo panatakiwa kukatwa na kujengwa upya kwa faiba. Kupaka poti juu yake ni kuficha tu.