Je, Wajua? Askari wa Ufilipino Waliosahauliwa

Je, wajua kwamba Wafilipino zaidi ya 250,000 walipigana chini ya bendera ya Marekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia? Ufilipino ilikuwa bado chini ya Marekani, na Julai 1941 Rais Franklin Roosevelt aliliita jeshi la nchi hiyo litumikie majeshi ya Marekani.

Rasi ya Bataan, huko Ufilipino, ilipoanguka tarehe 9 Aprili 1942, Wajapani waliwaswaga maelfu ya mateka, wengi wao Wafilipino, kwa miguu takriban kilomita 100, jua kali, maji hakuna. Wanakijiji waliwarushia wali uliofungwa kwa majani ya mgomba, huku wakijua wangeweza kuuawa kwa huruma hiyo.

Shukrani ya punda ni mateke. Februari 1946 Rais Harry Truman alitia saini sheria iliyowanyima wengi wa askari hao wa Kifilipino mafao waliyostahili. Ilikuwa dhuluma ya wazi. Malipo ya mkupuo, dola 15,000 kwa raia wa Marekani na 9,000 kwa wasio raia, yaliidhinishwa mwaka 2009, wengi wakiwa wameshafariki.

Mwaka 2011 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuhimiza mchango wa Wafilipino vitani ufundishwe kuanzia darasa la 7 hadi la 12. Kuhimiza si kulazimisha. Mwalimu mwenye nia anaweza kuwawekea wanafunzi ramani ya Bataan na sheria ile ya 1946 juu ya dawati moja, wasome wenyewe, wahoji.