Samaki wa Katanga na Hoja ya Severtsov

Elimu ya viinitete, yaani uchunguzi wa jinsi yai lililorutubishwa linavyogeuka kuwa mnyama kamili, ilipata nguvu mpya nchini Urusi mwaka 1866, pale Alexander Kovalevsky alipoonyesha kwamba mtoto wa asidia, mnyama wa baharini ambaye akikua hujigandisha mwambani akawa kama mfuko, ana mkiani notokodi, ule ufito laini unaotangulia uti wa mgongo katika samaki, ndege na wanadamu. Nasaba iliyofichwa na mnyama mzima ilifichuliwa na mtoto wake.

Mjerumani Ernst Haeckel alidai kwamba kila kiumbe kinapokua hupitia tena hatua za wahenga wake. Mrusi Aleksei Severtsov (1866–1936) aliiona kauli hiyo kuwa finyu, kwani kwa maoni yake mageuko hayaongezi hatua mwishoni mwa ukuaji tu, bali huweza kuupindisha katikati au kuubadili tangu mwanzo. Mwanafunzi wake, Ivan Schmalhausen, aliiendeleza fikra hiyo hadi mwaka 1948, alipoondolewa kazini kwa shinikizo la kundi la mtaalamu wa kilimo wa Kisovieti, Trofim Lysenko, ambalo lilikuwa na siasa nyingi kuliko sayansi.

Mkazi wa Golf, mjini Lubumbashi, hana haja ya kufika Urusi ili aipime hoja ya Severtsov, kwa sababu Katanga ina samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius, akiwemo Nothobranchius brieni, aliyeelezwa na Mbelgiji Max Poll mwaka 1938. Samaki hao huishi katika madimbwi yanayojaa wakati wa mvua, na maji yakikauka wazima wote hufa, yakabaki mayai ndani ya udongo. Humo kiinitete huweza kusimamisha ukuaji wake, hali iitwayo diapausi, katika hatua tatu: kabla mwili haujaanza kuchorwa, moyo ukiwa umeanza kuumbika, na mwishoni, mtoto akiwa tayari anasubiri maji. Hatua ya kwanza ndiyo ya ajabu kuliko zote, maana seli ambazo kwa samaki wengi hukusanyika mapema kuunda mwili, hapa hutawanyika juu ya kiini cha yai, kisha hukusanyika upya baadaye. Badiliko limeingia karibu na chanzo, kama Severtsov alivyosema. Tena mayai hayaamki yote pamoja, hivyo mvua ya kwanza ikidanganya, kizazi kizima hakipotei.

Basi dimbwi lililokauka lisihesabiwe kuwa tupu, na kabla ya kulifukia kwa kifusi ili kupata viwanja, inafaa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi waitwe kwanza kulichunguza tope lake.