Jua ni Moja, Umeme Haulingani

Kamati za sharika hutuuliza: kwa nini paneli ya wati 50 inatosha nyumba ya mwinjilisti Dodoma, lakini kwenye miteremko ya Kilimanjaro taa huzimika mapema?

Sababu kubwa ni mahali. Paneli hiyo ikipata jua kamili kwa saa 5, hutoa takriban wati-saa 250 kwa siku. Mawingu ya Juni na Julai yakilipunguza jua hadi sawa na saa 3, hubaki 150. Tukinunua paneli za ukubwa mmoja kwa wote, betri za mteremkoni hazitajaa, na betri ya asidi isiyojaa hufa mapema. Hapo sadaka ya washarika na fedha za wafadhili huwa zimepotea.

Dodoma nako kuna vumbi na joto, na vyote hupunguza umeme. Paneli ifutwe mara kwa mara, na iachwe nafasi juu ya bati ili hewa ipite. Kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta, ielekezwe kaskazini, ikiinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iisafishe. Hata kivuli cha mgomba mmoja hushusha umeme sana.

Tunaziomba kamati zikague kivuli asubuhi, mchana na jioni, kisha zipange bajeti kwa kufuata mwezi wenye mawingu mengi. Nanyi wafadhili, mkiona nyumba mbili zinazofanana zina gharama tofauti, msidhani kuna upendeleo. Ni mawingu.