Saratani ya ini: Kwa nini nyama ya pembeni ya uvimbe inasema mengi kuliko uvimbe wenyewe

Uvimbe umetolewa, kidonda kimepona, mgonjwa amerudi nyumbani. Kwa saratani nyingi, hapo ndugu wanaanza kupumua. Kwa saratani ya ini, swali gumu ndiyo kwanza linaanza: itarudi au haitarudi?

Na mara nyingi inarudi. Ndani ya miaka mitano baada ya upasuaji, hadi wagonjwa 7 kati ya 10 hukutwa tena na uvimbe. Mwaka 2022 pekee, duniani waligundulika wagonjwa wapya wapatao 866,000 wa saratani ya ini, na waliofariki kwa ugonjwa huo walikuwa takriban 758,000. Ukiona namba hizo mbili zilivyokaribiana, unaelewa kwa nini watafiti wanahangaika kutafuta dalili yoyote itakayosema mapema nani yuko kwenye hatari zaidi.

Sehemu moja wanayotafuta ni kwenye tishu, yaani kile kinyama kinachokatwa na kupelekwa maabara.

Rangi ya kahawia chini ya hadubini

Kinyama kikifika maabara huwekwa kwenye dawa ya fomalini ili kisioze, kisha hugandishwa ndani ya nta. Hapo mtaalamu wa patholojia anaweza kukata kipande chembamba kuliko unywele na kukitia kemikali inayonasa protini anayoitafuta. Protini ikiwepo, seli huonekana za kahawia. Isipokuwepo, hakuna kahawia.

Protini inayotajwa sana ni Ki-67. Jina linasikika kama la roketi, lakini limetokana na mji wa Kiel nchini Ujerumani, ilikogunduliwa, na namba ya kishimo kwenye sahani ya maabara. Ki-67 huonekana kwenye seli ambazo ziko katika harakati za kugawanyika. Kwa hiyo seli za kahawia zikiwa nyingi, uvimbe unakua kwa kasi, na matarajio ya mgonjwa hushuka.

Nyingine ni CK19. Hii kwa kawaida iko kwenye seli za mirija ya nyongo, si kwenye seli za ini zilizokomaa. Ikikutwa kwenye saratani ya seli za ini, ni ishara kwamba seli hizo zina tabia ya seli changa ambazo hazijaamua ziwe nini. Uvimbe wa aina hiyo hurudi haraka zaidi, hata kwa mgonjwa aliyepandikizwa ini jipya.

Kuna pia jambo ambalo si protini kabisa: seli za saratani kuonekana ndani ya mishipa midogo ya damu. Hiki ni miongoni mwa viashiria vyenye nguvu zaidi. Tatizo ni kwamba kwa kawaida kinathibitishwa baada ya uvimbe kutolewa na kuchunguzwa. CT skani haiwezi kukiona kwa uhakika.

Utafiti uliogeuza swali

Mwaka 2008, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ambao kwangu ndio wa kusisimua kuliko yote hii. Watafiti walichukua vinyama vya zamani vilivyohifadhiwa kwenye nta, vingine kwa zaidi ya miaka 24, wakasoma jeni zipi zilikuwa zinafanya kazi ndani yake.

Walianza na wagonjwa 82 wa Japani. Wakaangalia uvimbe wenyewe: hawakupata uhusiano wa maana na muda ambao mgonjwa aliishi. Wakaangalia nyama ya ini iliyokuwa pembeni, ile isiyo na saratani. Hapo majibu yakatoka. Mpangilio wa jeni 186 kwenye nyama hiyo uliwatenganisha walioishi muda mrefu na ambao hawakuishi. Walipoujaribu kwa wagonjwa wengine 225 wa Marekani na Ulaya, ukaonekana tena.

Inawezekanaje? Saratani ya ini hurudi kwa njia mbili. Ikirudi mapema, ndani ya kama miaka miwili, mara nyingi ni mabaki ya uvimbe wa kwanza. Ikirudi baadaye, huwa ni saratani mpya kabisa iliyoota kwenye ini lilelile lililochoka kwa homa ya ini, pombe, mafuta au sumukuvu. Daktari ametoa gugu, lakini shamba ni lilelile.

Ndiyo maana mwenye homa ya ini B hupewa dawa za kudhibiti virusi hata baada ya upasuaji kufanikiwa. Dawa hizo hazilengi uvimbe uliotolewa. Zinalinda ini lililobaki.

Mbona hospitali hawapimi?

Vipimo vingi vya namna hii bado havijawa vya kawaida. Kwanza, kwa mgonjwa mwenye sirosisi, yaani ini lenye makovu, saratani inaweza kuthibitishwa kwa CT skani au MRI bila kukata kinyama. Kukata kuna hatari ya kuvuja damu, na mara chache seli husambaa kupitia njia ya sindano. Pili, uvimbe mmoja unaweza kuwa na sehemu zinazotofautiana, kwa hiyo kipande kimoja kinaweza kudanganya. Na alama hizi zinazungumzia makundi ya watu. Hazisemi fulani ataishi hadi lini.

Kwetu kuna kikwazo kikubwa zaidi. Utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba ukiiondoa Misri, nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili na nusu tangu kugundulika. Nchini Misri ilikuwa karibu miezi 11. Umri wa kati wa wagonjwa nje ya Misri ulikuwa miaka 46 tu. Wengi hufika hospitali wakati upasuaji hauwezekani tena, kwa hiyo hakuna nyama ya pembeni ya kupima.

Kinachowezekana kabla ya hapo ni ufuatiliaji. Mwongozo wa wataalamu kwa mwenye sirosisi, na kwa baadhi ya wenye homa ya ini B hata kabla ya makovu, ni ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi sita, mara nyingi pamoja na kipimo cha damu cha AFP. Kujua kama una virusi vya homa ya ini B huanza na tone la damu, na kipimo cha haraka hutoa majibu ndani ya nusu saa.