Ukuni huu ni wa mti gani? Uliza vyema ujibiwe vyema

Majuzi sokoni nilimsikia mteja akimuuliza mwuza kuni: “Mama, hii kuni ni ya nini?” Mama akamjibu papo hapo: “Si ni ya kupikia!” Waliokuwa karibu waliangua kicheko. Hata hivyo, kisarufi, mama yule alilijibu swali aliloulizwa. Makala haya yanafafanua ni kwa nini, na namna ya kuuliza ili tupate jibu tunalolitaka.

Kwanza, upatanisho. Nomino ‘ukuni’ imo katika ngeli ya U-ZI, sawa na ufunguo na ukuta. Twasema: ukuni huu unawaka, kuni hizi zinawaka. ‘Kuni hii’ na ‘makuni’ ni mazoea ya mazungumzo ambayo hayafai katika maandishi sanifu.

Pili, kirai ‘za nini’ kina utata. Kinaweza kuulizia matumizi (kuni za nini? Za kuokea mkate) au asili (kuni za nini? Za mwembe). Anayetaka kujua aina anafaa kutumia kiulizi ‘gani’: hizi ni kuni za mti gani? Kiulizi ‘-pi’ nacho huteua kitu kimoja miongoni mwa vinavyojulikana. Ukijua kwamba tita lina kuni za mwembe na za mkaratusi, ndipo utakapouliza: huu ni wa mti upi kati ya hiyo miwili?

Swali zuri pekee halitoshi. Ukuni ni kipande cha mti kilichokwisha kupoteza majani, maua na matunda, yaani vitu ambavyo aghalabu hututambulisha mti. Kilichobaki ni gome, kiini, utomvu, harufu na uzito. Mwenye kuuliza sharti avitaje hivyo. Mpingo, kwa mfano, una kiini cheusi kinachoelekea zambarau, kilichozungukwa na tabaka jembamba la rangi ya manjano iliyofifia, na ni mzito kiasi cha kuzama majini. Maelezo kama hayo humsaidia mjuzi kuliko kumwambia, “Ni kaukuni fulani keusi hivi.”

Jina la jumla nalo linaweza kupotosha. Wengi wetu wa bara huita miti yote ya ufuoni inayoota kwenye maji ya chumvi ‘mikoko’. Wenyeji wa pwani hutofautisha mkoko, mkandaa, mchu, muia na mlilana. Kwa hivyo, ‘kuni za mkoko’ zinazotajwa Nairobi na zinazotajwa Lamu huenda zisiwe za mti mmoja.

Je, tofauti hizi zina uzito wowote jikoni? Naam. Mnyaa, unaopandwa sana kuwa ua la boma, una utomvu mweupe kama maziwa ambao hudhuru macho vibaya. Upo pia mti ambao wanasayansi huuita Spirostachys africana. Utomvu wake ni sumu, na nyama iliyobanikwa juu ya kuni zake humdhuru mlaji. Vilevile, msandali ulipigwa marufuku kuvunwa nchini Kenya mwaka wa 2007. Asiyeutambua anaweza kuukata kama ukuni wa kawaida na kujiingiza mashakani.

Ukikutana na ukuni usioujua, basi, unda swali kamili: “Ukuni huu una gome jekundu lenye nyufa, kiini chake ni cha kahawia, na ulipochanjwa ulitoa utomvu mweupe. Ni wa mti gani?” Mwulize mchanja kuni, seremala au mzee aliyekulia mahali ulikokatwa. Ikiwa hakuna anayeutambua, usiupikie wala usiubanikie nyama. Tafuta kuni nyingine.