Mwanga Juu ya Ukuta (5): Kanisa la Rouen na Ghorofa za Kariakoo

Tangu ghorofa liporomoke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, na Rais kuagiza majengo ya eneo lile yakaguliwe, kila nikisikia neno ukaguzi namkumbuka Claude Monet, mchoraji wa Kifaransa ambaye wasomaji wa safu hii wameshamzoea.

Sijui mtu aliyelikagua jengo kama yeye. Mwaka 1892, na tena 1893, alikwenda Rouen, akapata vyumba vinavyotazamana na kanisa kuu, kimojawapo katika duka la nguo za kike, akatandaza turubai nyingi kwa mpigo. Jua likisogea, anaweka hii, anashika ile. Uso wa kanisa lile umeelekea magharibi, hivyo asubuhi jua hutokea nyuma yake: katika picha za asubuhi ukuta umo kivulini, wa buluu, mwanga ukigusa sehemu za juu tu. Mchana ukuta huohuo unawaka dhahabu. Alipata picha zaidi ya 30, akazimalizia nyumbani Giverny, na 20 kati yake zikaonyeshwa Paris mwezi Mei 1895. Mwanasiasa Georges Clemenceau alitaka serikali izinunue zote zisitenganishwe. Hakusikilizwa, na mpaka leo naona Ufaransa ilikosea, maana mabadiliko ya ukuta huonekana picha zikiwa pamoja.

Na kazi ile ilimtesa. Aprili 1892 alimwandikia Alice, aliyemwoa mwaka huohuo, kwamba ameota kanisa linamwangukia, mara la buluu, mara la waridi, mara la njano.

Miaka michache baadaye, 1897, wamisionari wa Kijerumani walianza kujenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu hapa Dar es Salaam, wakamaliza 1902. Wangapi kati yetu tunaopita Barabara ya Sokoine kwenda Kivukoni tunaweza kuuchora mnara wake bila kuutazama? Nimelisema sana na nitalirudia: tumeacha kuwafundisha watoto kuchora, tukawanyima subira ya macho. Mhandisi asiyejua kuchora kwa mkono huamini karatasi kuliko nguzo iliyo mbele yake.

Kariakoo, mwenye duka upande wa pili wa mtaa ndiye anayeliona ghorofa la jirani kila asubuhi. Yeye huwa wa kwanza kujua kwamba ufa umepanuka, au kwamba mlango wa chuma umeanza kukwama. Wakaguzi wamuulize huyo kabla ya kufungua ramani, kisha wapige picha ufa uleule, saa ileile, mwezi hata mwezi.