Kamera ya Ulinzi Katikati ya Migomba

Nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zimezungukwa na kibanja: migomba, mibuni chini yake, giza la kutosha kumficha mtu. Wanaofunga kamera huko wana sababu. Tabu ni kwamba migomba hiyohiyo humchosha mlinzi huyu mpya usiku kucha.

Programu ya kutambua mwendo, kama Motion inayopatikana bure kwa kompyuta za Linux, haijui mtu wala mbuzi. Hulinganisha picha ya sasa na zilizotangulia, ikahesabu pikseli zilizobadilika; zikizidi 1500, kiwango kilichowekwa tangu mwanzo, huanza kurekodi. Picha ya 640 kwa 480 ina pikseli 307,200, kwa hiyo nusu asilimia tu inatosha. Jani la mgomba likipigwa na upepo wa ziwani linavuka hapo bila jasho. Kufika alfajiri memori kadi imejaa majani, na bando limeisha kwa kukutumia taarifa za majani.

Wengi hukimbilia kupandisha kiwango. Mimi sishauri: jani lisipohesabiwa, mtu aliye mbali, anayeonekana mdogo pichani, naye hahesabiwi. Afadhali uchore ramani ya nyeusi na nyeupe yenye ukubwa uleule wa picha. Palipo peusi programu haihesabu. Paka weusi migomba yote. Acha nyeupe njia, mlango na dirisha la jikoni. Kwa radi, ambazo kwetu hazikosekani, kuna mpangilio wa kupuuza picha inapobadilika karibu yote kwa mpigo mmoja.

Novemba huleta senene. Usiku kamera huwasha taa za infraredi zilizoizunguka lenzi, na mdudu anayepita sentimita chache mbele yake hung'aa, akaonekana mkubwa kuliko mtu aliye getini. Zima taa hizo, ufunge taa nyingine ya infraredi pembeni, mita mbili tatu hivi kutoka kwenye kamera. Balbu ya nje pia iwe mbali, maana ndiyo inayowaita (kama unawataka wa kukaanga, tega upande wa pili wa nyumba).

Ramani ile, hata hivyo, haifichi kitu. Ua wa jirani uliopakwa weusi bado unarekodiwa kila mtu anapopita njiani kwako. Motion ina ramani ya pili, ya faragha, inayofuta sehemu hiyo kwenye picha yenyewe. Mwonyeshe jirani picha hiyo siku unayofunga kamera, kabla hajauliza.